Fedha za Pande Mbili za Ziwa

Mwalimu wenu aliniomba niwaandikie nyie wasichana wa kidato cha tatu na cha nne kuhusu kazi ya kuongoza fedha kimataifa. Alisema niwatie moyo. Nimekaa na ombi lake tangu mvua zianze, na kila nikishika kalamu niwatie moyo napandwa na hasira, naiweka chini, naenda kufua. Leo nguo zimeisha. Basi naandika.

Msitegemee bibi mwenye mvi. Nimestaafu kabla sijafika miaka thelathini, bila keki, bila hotuba, bila zawadi ya vitenge. Lakini ni kustaafu kweli, maana kazi ile siifanyi tena, ila vidole bado vinaifanya. Nikirudishiwa chenji sokoni naigeuza noti kwenye mwanga, naipapasa kona zote. Muuza nyanya ameshaninunia. Anadhani namwona mwizi.

Kimataifa, wengi mnafikiri ni ndege. Kimataifa yangu mimi ilikuwa boti ya mbao na ndoo ya kutapikia. Bosi Laurenti, mwenye kampuni iliyoniajiri hapa Mpanda, alinunua mchele kwa wakulima wa Mpimbwe, akaupeleka Karema kwa lori, halafu ukavushwa ziwa mpaka Kalemie, Kongo. Mimi niliingia pale kuwa keshia wa dirishani nilipomaliza kidato cha nne. Mpaka naondoka nilikuwa nasimamia fedha za Mpanda, Karema na Kalemie, shilingi, dola na falanga za Kongo, na makeshia wote waliniuliza mimi kabla ya kutoa chochote. Nilikuwa na kadi imeandikwa Mkuu wa Fedha, Tanzania na Kongo. Mama yangu aliibandika kabatini karibu na picha ya Bikira Maria, na wageni wakija anahakikisha wameiona.

Niwaambie kwanza habari ya pini, kwa sababu ndiyo itakayowaumiza mapema.

Mhasibu wetu alikuwa Mzee Sadoki. Alitoka kwenye vyama vya tumbaku, na kule kila karatasi ilipigwa pini. Risiti, pini. Barua, pini. Hata mfuko wake wa karanga aliufunga kwa pini. Safari yangu ya kwanza ya ng'ambo alinikabidhi dola za kulipia ushuru wa Kalemie, zimepangwa kwa mafungu, nadhifu, kila fungu pini mbili pembeni. Nikamshukuru sana. Nilipofika Kalemie kijana wa duka la kubadilisha fedha akachomoa pini, akainua noti juu ya uso wake, akanichungulia kupitia tundu. Halafu akawaita wenzake nao wanichungulie.

Kule falanga inaweza kuwa imechakaa mpaka inafanana na jani kavu la mgomba, wanapokea. Lakini dola ikiwa na tundu la pini, au mchaniko mdogo kuliko kucha, hawaigusi. Hakuna aliyeniambia. Nimesimama ugenini na begi la fedha ambazo si fedha tena, jua kali, na watu wanacheka kwa lugha ninayoielewa nusu. Niliporudi nazo Mpanda, Mzee Sadoki akazitazama kwa huruma, akasema tuzipige pasi. Nikamuuliza, Baba, pasi inaziba tundu? Akafikiri. Akasema inategemea na moto.

Kwa hiyo dola hazipigwi pini. Na nyie mnaofunga pesa kwenye pindo la kanga kama mama zenu, acheni tabia hiyo kama mnataka kazi hii. Fundo linakunja noti, mkunjo unakuwa mchaniko, mchaniko unakufukuzisha kazi. Kata vipande viwili vya boksi la biskuti, laza noti katikati, zungusha nailoni, funga tumboni chini ya nguo. Utatoka jasho na utawashwa. Vumilia. Na usijikune mbele za watu, maana mwanamke anayejikuna tumbo kwenye boti kila mtu anajua amebeba nini.

Aliyenifundisha hayo ya boksi ni Mama Saidi wa Karema. Huyu ni mwanamke aliyekuwa anabadilisha fedha pale boti zinapotia nanga, amekaa kwenye kigoda, mbele yake beseni la dagaa wa kuuza. Dagaa walikuwa wa kuzugia tu. Aliponiona mara ya kwanza nimevaa viatu vya kisigino kwenye mchanga aliniuliza kama naenda kuolewa. Baadaye akanipenda, sijui kwa nini, akanifundisha vitu ambavyo Mzee Sadoki hakuwa navyo.

Kwa mfano, ukifika ng'ambo usiulize dola inabadilishwaje. Ukiuliza hivyo wanajua ndiyo kwanza umeshuka, watakupa bei ya mgeni. Uliza bei ya sukari. Uliza petroli. Nunua hata sabuni. Ukishajua sukari inauzwaje kwa falanga, na Karema inauzwaje kwa shilingi, wewe mwenyewe unajua dola inapaswa kuwa ngapi, na atakayekudanganya utamwona kabla hajamaliza sentensi. Na unapohesabu, hesabu kwa lugha ya kwenu. Mimi nilihesabu kwa Kipimbwe, kwa sauti, na hakuna mtu Kalemie aliyeweza kuniingilia nikapotea. Makeshia wangu walicheka, lakini Msukuma mmoja akaanza kuhesabu Kisukuma na makosa yake yakaisha.

Lingine alilonifundisha ni kwamba ufunguo wa sanduku na muhuri wa kampuni visikae kwa mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni wewe na unajiamini. Hasa kama unajiamini.

Halafu kuna hili la mgeni wa mzigo. Hili hamtalikuta kwenye kitabu cha biashara, na ndilo lililonistaafisha, kwa hiyo nalieleza taratibu.

Mnunuzi wa Kongo akitoa malipo ya mwanzo kabla mchele haujafika, anataka uhakika. Karatasi ya mkataba kutoka Mpanda, akiipeleka mahakamani kwao, watafungia maandazi. Kwa hiyo wafanyabiashara wa pande zote mbili wana utaratibu wao. Upande wa muuzaji unaacha mtu kwa mnunuzi. Mtu huyo hafungwi wala hapigwi. Anakula, analala, anaangalia mpira. Ila harudi kwao mpaka mzigo ushuke. Ndiyo anaitwa mgeni wa mzigo.

Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka. Na kweli lilikuwa la kuchekesha, kwa sababu aliyekuwa anaachwa kila mara ni mpwa wa Bosi, jamaa mmoja mvivu, na hakuna safari aliyoipenda kama hiyo. Alikuwa anarudi amenona, amenyoa kiduku, anawasalimia mbuzi kwa Kifaransa. Tulimwita Balozi. Mimi kama mkuu wa fedha niliandika gharama zake kwenye vitabu kama malazi. Sikuwaza zaidi ya hapo. Kila kitu kilichopita mezani kwangu kilikuwa na jina na kiasi, naye alikuwa na jina na kiasi.

Kisha Balozi akaharibu. Mzigo ulichelewa kidogo, yeye akachoka kungoja, akadandia boti ya wavuvi akarudi Karema bila kuaga. Mnunuzi wetu mkubwa, Papaa Ilunga, akakasirika. Mchele ulifika wote, hakupoteza hata kilo, lakini akasema siku nyingine hataki kuachiwa mtu mwepesi. Anataka mtu mwenye uzito.

Wakati huo nilikuwa na Digna, mwanangu, ananyonya bado, hajaanza hata kukaa vizuri. Bosi alikuwa ameniahidi ofisi ya Kalemie. Ningekuwa mkuu wa pande zote mbili kwa mshahara wa maana, nyumba ya kampuni, na sauti ya kuajiri. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba nimalizane na Papaa Ilunga mkataba wa msimu mzima. Aliniambia nimwache mtoto Mpanda, eti meza ya wakubwa haina harufu ya maziwa. Nikamwambia mtoto anakwenda ninakokwenda. Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda.

Nilivuka na Digna mgongoni na boksi la biskuti tupu tumboni, la kurudia na malipo. Upepo ulikuwa mbaya. Wasichana, nyie mtaniona mwoga, lakini tangu nimezaa ziwa lile halikuwa tena njia ya kwenda kazini. Kila wimbi nilikuwa nahesabu watu na maboya ya kujiokolea, na watu walikuwa wengi kuliko maboya. Moja nilimfunga mtoto, likamfunika mpaka macho. Jirani yangu, muuza vitenge, akaniambia nimemvalisha mtoto godoro. Nikamwambia anyamaze.

Kwa Papaa Ilunga nilipokelewa vizuri. Yeye ni mtu wa makamo, mpole, anaongea taratibu. Mke wake alimchukua Digna mikononi, akampakata, akawa anamwimbia. Tulisalimiana kwa kirefu, maana kule begi haliwekwi mezani kabla ya kuulizana habari za wote walio hai. Kisha tukafanya kazi. Tulivutana bei, tukavutana nani alipe wapakuzi, tukavutana mchele ukilowa ni wa nani. Nilimshinda kwenye wapakuzi. Akanishinda kwenye kulowa. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote, nawaambieni ukweli. Niliipenda kazi ile. Nilikaa pale na cheti changu cha kidato cha nne, nikazungumza na mtu mwenye maghala, na hakuna mahali nilipojiona mdogo.

Akaleta malipo ya mwanzo, dola. Nikaanza kuzikagua moja moja dirishani. Hapo simu yake ikaita, ni Bosi Laurenti, Papaa akaiweka spika ili tusikie wote. Wakasalimiana. Papaa akauliza safari hii mgeni wake ni nani, kwa sababu yule wa siku zote hamtaki. Mimi nikainua kichwa, nikijua nitatajwa mimi. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema siwezi, nina kazi ya kupakia Karema.

Bosi akasema, "Digna abaki hapo kwa mkeo. Mkuu wangu wa fedha arudi na boti apakie mchele."

Nilidhani sijasikia. Vidole viliendelea kukagua noti vyenyewe.

"Papaa, wewe mtu mzima," Bosi akaendelea, anacheka, "mpwa wangu alikimbia. Mama mzazi ataukimbiaje mzigo huu? Hatalala mpaka ufike. Dhamana gani inazidi hiyo?"

Nikasema, "Bosi, mtoto ananyonya."

"Kongo hakuna maziwa?"

Mke wa Papaa alikuwa ameacha kuimba. Na nawaambia kitu cha kutisha, ambacho ndicho kinanifanya nipandwe na hasira mpaka leo. Kwa muda kidogo, mfupi, kichwa changu kilianza kupiga hesabu. Siku ngapi za kupakia. Boti ngapi. Yule mama ana mikono mizuri. Kichwa kilichofundishwa kazi kinafanya kazi hata kwa kisichopaswa kuhesabiwa.

Nikamgeukia Papaa. Nikamuuliza kama na yeye anaona ni sawa.

Alipangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. Akasema, "Mie pia walinibakisha, mama. Kule kwenu Karema. Ningali mutoto. Ndiyo nilijifunza hii Kiswahili yenu."

"Baba yako alirudi?"

"Alirudi." Akatazama mlangoni. "Nilimukimbia. Nilifikiri ni mutu mwingine."

Halafu akasema ni kazi tu, niamue mwenyewe, yeye hatalazimisha mtu. Na nadhani alimaanisha. Sijawahi kumchukia yule baba. Lakini malipo hakuyaondoa mezani, na mgeni alikuwa bado anamtaka.

Nilizikusanya zile noti. Nikazipanga sura upande mmoja, kona kwa kona, kama kazi inavyotaka, nikazisukuma upande wake. Bosi kwenye simu akauliza tunaendeleaje. Nikamwambia haendelei mtu. Akaanza kusema Mama Digna, Mama Digna, tulia. Papaa akakata simu, sijui kwa kunisaidia au kwa aibu. Mke wake ndiye aliyenifunga mtoto mgongoni. Alikaza kitenge sana, mpaka kikaniuma, akaniambia, "Uende mbio, maman. Boti ya leo ingali hapa."

Sasa mngependa niseme nilivuka nikiwa najisikia shujaa. Hapana. Boksi la tumboni lilikuwa tupu, na tupu lile lilikuwa zito kuliko fedha zote nilizowahi kubeba. Kule Mpimbwe wakulima walikuwa wameshaambiwa mchele wao umepata soko, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Malori yalikuwa yameshakodiwa. Wapakiaji wa Karema walikuwa wanangoja kwa hesabu yangu. Karema nilimkuta Mama Saidi kwenye kigoda chake, nikamwambia yote, nikitegemea atanikumbatia.

Akasema, "Ungemwacha, mwanangu. Yule mama angemlea."

Kisha akaendelea kupanga dagaa wake. Aliniuma kuliko Bosi. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananilaumu au alikuwa anakumbuka la kwake, na sikuuliza.

Bosi aliniondoa ofisini mbele ya makeshia wangu. Alisema kiongozi wa fedha hawezi kuleta mezani hasira za jikoni. Sikubishana. Ufunguo nikampa yeye, muhuri ukabaki kwa Mzee Sadoki, kila kitu kwa mtu wake, kisha nikatoka. Msimu ule mchele wa Mpimbwe ulinunuliwa na walanguzi kwa bei ya kutupa. Nilikwenda nyumbani kumwambia baba kwamba ni mimi, nisije nikasikia ameambiwa na mwingine. Alikuwa anafunga magunia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, mtoto yuko wapi. Nikamgeuzia mgongo aone. Akatazama kidogo, akasema basi, akarudi kwenye magunia yake.

Digna sasa anakimbia. Nikimwita uani akachelewa kuitika, nashika ukuta. Anaitika, ananikuta bado nimeushika. Anadhani ni mchezo.

Kuna watu wananiuliza kama najuta. Siku nyingine najuta, siku ya kodi ya nyumba hasa. Natafuta vibarua vya kukagua hesabu za vikundi, Kabungu, Sibwesa, popote, na kila ninapokwenda nakuta watu waliosikia kwamba mimi ndiye mwanamke aliyevunja soko la Kongo. Wengine wananipa kazi, wengine wananiangalia tu. Nakasirika. Nakasirika kwa sababu kazi ile nilikuwa naiweza, na mtu aliyeniondoa hakuwa na kosa hata moja la kunionyesha kwenye fedha zake.

Juzi Bosi Laurenti alinipigia. Sauti tamu, habari za mtoto, habari za baba. Nikangoja. Akasema anafungua tena Kalemie na anataka msichana wa kidato cha nne mwenye kichwa kama changu, ila asiwe na mtoto, safari hii hataki matatizo. Alisikia kwamba mwalimu wenu ameniomba niandike. Akaniomba nimtajie jina moja kutoka kwenu.

Nilitaka kumtukana. Nikajizuia, kwa sababu nilifikiria ni nani kati yenu anayekaa mbele, anayemaliza hesabu kabla ya wenzake, ambaye nyumbani wanamngoja aanze kuleta kitu. Nikiwaficha habari hii atawapata kwa njia nyingine, na mtakwenda hamjui. Nikamwambia nitawaambia wote.

Kwa hiyo nawaambieni. Nafasi ipo. Kazi ni nzuri, mshahara ni wa kweli, na utajifunza mengi ambayo hakuna atakayekuja kuyatoa kichwani mwako. Sikukatazi. Sina cha kukupa badala yake. Lakini mpwa wake hakubaliki tena ng'ambo, mimi sipo, na usipokuwa na mtoto unaye mdogo wako, unaye mama, unao mwili wako mwenyewe. Akikutajia mshahara, usimjibu kwanza. Muulize safari hiyo anayebaki Kalemie ni nani. Muulize mbele ya mashahidi, na ungoje jina. Akikwambia hilo mtaliona huko huko, shuka kwenye boti, hata kama injini imeshawaka.